Ng'ombe Asiye na Nundu

Kama ulipita Ihanja mwaka ule watu walipohamia kijiji cha ujamaa, nyumba zikapangwa mstari kando ya barabara, basi kijiwe ulikiona. Kilikuwa ubavuni mwa duka la kijiji: kiti kirefu kilichong'olewa kwenye lori bovu, gogo moja, na jiko la mkaa la mzee Mohamedi Njiku, ambaye hakuna aliyemwita hivyo isipokuwa mkewe. Wengine wote walimwita Birika. Sukari ilikuwa haionekani dukani, kahawa yake ilikuwa chungu, na watu waliinywa hivyo hivyo ili wapate kuongea. Asubuhi ile hata wapita njia walisimama kidogo, maana kwenye nguzo ya simu mbele ya kijiwe alikuwa amefungwa Mgeni, ng'ombe wa maziwa wa kijiji, mweusi mwenye mabaka meupe, hana nundu, mbavu zote nje. Alikuwa anasubiri lori. Damiani Mughwai, mkamuaji wake, alikaa mwisho wa kiti, karibu na kamba, na kahawa ilikuwa imepoa mkononi mwake bila kunywewa.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Mgeni aliletwa kutoka shamba la serikali, akakabidhiwa Damiani amtunze. Alikuwa akitoa ndoo ya maziwa wakati ng'ombe wetu wa kienyeji wanatoa kibuyu, na hicho kibuyu mpaka ndama asimame pembeni. Maziwa yaligawiwa watoto wa kijiji, na kopo la kwanza kila siku lilikuwa la Rahabu, mjukuu wa Damiani. Mama yake Rahabu, Sara, bintiye Damiani, alifariki siku alipomzaa. Mtoto alikuwa sasa ameanza kukaa mwenyewe, na alikuwa hajui ziwa lingine ila la Mgeni. Lakini kiangazi kilivyozidi, Mgeni akakonda, akakonda tena, na Mwenyekiti Antipasi akasema basi, lori la mifugo likipita arudishwe alikotoka kabla hajafia mikononi mwa kijiji, ikawa aibu. Lori lilikuwa linapita leo.

– Mimi nasema ni nidhamu, alianza Simeoni. Huyu waliyemwita Kwata alikuwa askari wa zamani, alipigana vita vya Wazungu huko Burma, na mpaka leo alikunywa kahawa amenyoosha mgongo. – Ng'ombe wa serikali amelelewa kwa kengele. Kengele ya kula, kengele ya kukamuliwa, kengele ya kulala. Hapa kwetu anaishi ovyo. Hata mimi niliporudi kutoka jeshini nilikonda.

– Wewe ulikonda kwa pombe, alisema Birika.

– Nilikonda kwa kukosa kengele.

– Hamjui kitu, alisema Leonidas. Huyu ndiye Redio. Alikuwa na redio ya mbao, ya pekee mstari mzima, na betri zilipokwisha aliendelea kutangaza mwenyewe. – Mtazameni mgongoni. Nundu iko wapi?

Wote wakamtazama Mgeni mgongoni, kana kwamba nundu ingeota hapo hapo.

– Hana, alisema Kwata.

– Hana. Sasa ng'ombe wetu, kiangazi kikija, anakula nundu yake. Unaona inalegea, inalala upande, unajua huyu bado ana akiba, au huyu akiba imekwisha. Mvua zikinyesha inasimama tena. Ndivyo baba zetu walivyojua afya ya ng'ombe, hawakuhitaji bwana mifugo. Huyu hana ghala. Ukimkamua, yale maziwa yanatoka wapi? Yanatoka kwenye mbavu. Mnakunywa nyama, ndugu zangu. Nyama nyeupe.

Neno hilo halikuwa geni kwa Damiani. Alikuwa amelifikiria mwenyewe, si kwa maneno hayo, lakini alilifikiria kila alfajiri alipoegemeza kichwa chake ubavuni mwa Mgeni na kukuta mfupa mahali ambapo zamani palikuwa na nyama. Akanyoosha mkono akamtoa Mgeni kupe sikioni.

– Bwana Maziwa, unasemaje? Redio alimgeukia. – Wewe ndiye unayelala naye.

– Namlisha, alisema Damiani polepole. – Mabua ya uwele, pumba, hata magimbi ya mke wangu Theodora amekula. Mabua ya mtama nafuata mpaka bondeni. Anakula. Anakula kuliko mimi na mke wangu tukiunganishwa.

– Anakula lakini hashibi moyo, alisema Birika akimimina. – Mimi nawaambia, ng'ombe huyu ana upweke. Kule alikotoka walikuwa wanamsemesha Kizungu. Huku tangu afike anasikia Kinyaturu tu. Hebu fikiri umepelekwa Ulaya, hakuna anayekusalimia kwa lugha yako, na bado unakamuliwa asubuhi na jioni.

Kwata akaweka kikombe chini. Akasimama, akavuta shati, akamwendea Mgeni, na kwa sauti ya uwanja wa gwaride akamwamuru kwa Kizungu chake cha jeshini:

– Sitendi izi!

Mgeni akamtazama kwa macho yale makubwa, akainua mkia, akakojoa. Kijiwe kizima kilicheka, hata Damiani alijikuta anacheka, na Kwata akarudi kukaa akifuta kiatu chake kwa jani.

– Ameelewa, alisema. – Amelegea. Hiyo ndiyo maana yake.

– Wee mzee, utatuua, alisema Birika.

Redio hakupenda kuachwa nyuma. Akaangalia juu, akaangalia chini, akatazama nguzo ile Mgeni aliyofungiwa, na uso wake ukapata nuru ya mtu aliyefunuliwa jambo.

– Zizi lake liko wapi?

– Unajua lilipo, alisema Damiani. – Nyuma ya nyumba yangu.

– Na juu ya zizi kunapita nini?

– Nyaya za simu.

– Nyaya za simu. Redio akatulia ili lizame. – Tangu tuambiwe makao makuu yanahamia Dodoma, simu hazilali. Dar es Salaam inaongea na Dodoma, Dodoma inaongea na Mwanza, maneno yote hayo yanapita juu ya mgongo wa mnyama mmoja, usiku na mchana. Mipango, amri, makisio, malalamiko. Nani asikonde? Wewe Kwata ukilala chini ya maneno hayo wiki moja, tutakuzika.

– Mbona kuku wa Damiani hawajakonda?

– Kuku hasikilizi. Ng'ombe husikiliza.

Hapo Birika alicheka mpaka akamwaga kahawa kwenye mkaa. Na Redio angeishia hapo, siku ile ingepita salama. Lakini mtu akichekewa sana huwa anataka kuchekewa tena, na asipopata la kuchekesha huokota lolote lililo karibu.

– Au tuseme ukweli, alisema. – Ng'ombe kakonda, lakini yuko aliyenona. Mmemwona mjukuu wa Bwana Maziwa? Mashavu haya. Mikono ina pingili. Kijiji kizima kinapata kopo, sijui nyumba ile inapata makopo mangapi. Ng'ombe anakamuliwa mpaka jasho.

Hakuna aliyecheka. Birika akajishughulisha na mkaa. Kwata akakohoa. Damiani aliweka kikombe chake kwenye gogo, taratibu, kama mtu anayeogopa kukivunja.

– Kopo moja, alisema. – La kwanza, kama mkutano wa kijiji ulivyosema. Leonidas, wewe mwenyewe ulinyoosha mkono kwenye mkutano ule.

– Nilikuwa natania, bwana.

– Hukutania. Na mimi nakujibu. Maziwa yanapopungua, namkamua mara ya pili, ndiyo. Namkanda kiwele kwa maji ya moto mpaka linatoka tone la mwisho, kwa sababu Theodora ananingoja mlangoni na mtoto analia. Nanona mimi? Ninyi mlimzika Sara pamoja nami. Sasa niambieni, mtoto yule nimpe nini? Uji wa uwele? Tulijaribu, akatapika siku nzima. Ng'ombe huyu akipanda lori leo, lori limembeba Rahabu pia.

Alisema bila kupaza sauti, na hiyo ndiyo iliyokuwa mbaya zaidi. Redio akaangalia vidole vya miguu yake. Upepo wa kiangazi ukapita barabarani na vumbi, Mgeni akafumba macho.

Muda huo huo akafika mwanamke mmoja kutoka upande wa Mkiwa, kijana, kitenge kimefungwa juu ya tumbo kubwa, kikapu kichwani. Akashusha kikapu chini kwa shida, akapiga goti kidogo.

– Shikamooni wazee.

– Marahaba, mwanangu. Karibu.

– Asanteni. Basi la Singida halijapita?

– Bado, alisema Birika, akamsogezea gogo. – Kaa hapo kivulini. Unaitwa nani, mama?

– Anastazia. Naenda hospitali. Wameniambia nisikae mbali siku zikikaribia.

Akakaa, akapumua, akanyoosha miguu iliyovimba. Uso wake ulikuwa umechongoka kwa wembamba, shingo imeonyesha mishipa, tumbo peke yake ndilo lililostawi. Birika alimpa kikombe, akakataa kwa adabu, akasema kahawa inamchoma kifua siku hizi. Kisha macho yake yakamwangukia Mgeni. Akamtazama sana, kuanzia usoni mpaka mkiani, kwa namna ya mtu aliyekutana na mwenzake safarini.

– Maskini, alisema. – Na huyu anatazamia lini?

– Anatazamia lori, alisema Kwata.

– Hapana, babu. Kuzaa. Atazaa lini?

Kwata akamtazama Redio. Redio akamtazama Birika. Birika akamtazama Damiani, maana ndiye mwenye mnyama.

– Hana mimba, alisema Damiani.

– Nani kasema?

– Anatoa maziwa, mwanangu. Asubuhi na jioni.

Na kwa Damiani hilo lilikuwa limekwisha, kama ambavyo lingekwisha kwa Mnyaturu yeyote aliyekua nyuma ya ng'ombe. Ng'ombe wetu akishika mimba, mimba ikawa kubwa, maziwa hukata yenyewe. Humfundishi, humwambii. Unakwenda asubuhi na kibuyu, unarudi nacho kitupu, unamwambia mkeo, ng'ombe fulani ameshakaribia, na mkeo anajua. Ndiyo dalili, tangu enzi na enzi hatukuhitaji nyingine. Mgeni hakuwahi kukata. Kwa hiyo hakuna aliyewahi kuuliza, na tumbo lake wote walilisema ni la mabua makavu.

– Hata mimi wakinikamua nitatoa, alisema Anastazia kwa aibu kidogo, akavuta kitenge. – Hakuna aliyejaribu tu.

Birika akaanza kucheka, akaacha njiani.

– Ngoja, alisema Kwata. – Lile dume langu jekundu. Lilivunja boma lini?

– Mavuno yalikuwa yanaanza, alisema Redio kwa sauti ndogo. – Ulilikuta asubuhi kwenye zizi la Damiani. Ulikuja kuniomba kamba.

– Mavuno yalikuwa yanaanza, Kwata akarudia. Akaanza kuhesabu kwenye vidole, akafika katikati ya mkono wa pili, akaacha.

Damiani alikuwa ameshasimama. Akaenda upande wa kulia wa Mgeni, akaweka kiganja chini ya ubavu, pale panapobonyea, akasukuma polepole kama alivyofundishwa na baba yake kwa ng'ombe wenye nundu. Hakuna kitu. Akasukuma tena, akangoja. Ndani, chini ya ngozi ile iliyolegea, kitu kigumu kikarudi, kikamgonga kiganjani. Akaondoa mkono kwa mshtuko, halafu akaurudisha haraka, asije akapoteza mahali.

– Yupo, alisema.

Wakaja mmoja mmoja kuweka mikono. Kwata alivua kofia kwanza. Birika alifuta masizi kwenye kanzu. Redio alikuja mwisho, akaweka kiganja chake kando ya cha Damiani, akakaa nacho pale muda mrefu kuliko wote, wala hakutangaza kitu.

– Kwa hiyo amekuwa akila kwa ajili ya wawili, alisema Birika.

– Watatu, alisema Damiani. – Mmesahau wa kwangu.

Alisimama hivyo hivyo, mkono ubavuni, na mawazo yakamjia yote kwa pamoja. Angeweza kunyamaza. Angeweza kusema, jamani, tumkamue tu mpaka mwisho, mbona anatoa. Mjukuu wake angeshiba wiki hii na wiki ijayo. Akamtazama yule mwanamke kwenye gogo, shingo ile nyembamba, mkono mmoja umekaa juu ya tumbo bila yeye kujua. Sara alikaa hivyo hivyo mlangoni mwake mwezi wake wa mwisho, akichambua mboga, na baba hamwulizi bintiye mambo ya mimba, kwa hiyo hakumwuliza. Aliona tu anakonda. Alidhani ni jua.

– Simkamui tena, alisema Damiani. – Tangu leo. Apumzike, ale, nyama irudi mwilini. Akizaa katika hali hii atakufa, na ndama naye.

– Na Rahabu? Kwata akauliza.

Damiani akatikisa kichwa. Akatazama chini, midomo ikamcheza, na wenzake wakageuka kutazama barabara ili wasimwone.

Ndipo Mwenyekiti Antipasi akatokea na baiskeli yake, akipiga kengele toka mbali. Alishuka, akafuta jasho, akaegemeza baiskeli kwenye duka.

– Habari za hapa, ndugu. Lori limeshapita Mkiwa. Damiani, mfungue ng'ombe aliyekonda, tumsogeze barabarani.

Damiani hakusogea. Kwata ndiye aliyesimama kati ya Mwenyekiti na nguzo, amenyoosha mgongo.

– Hapa hakuna ng'ombe aliyekonda, Ndugu Mwenyekiti. Kuna mjamzito. Na mjamzito hapakiwi juu ya lori.

– Mjamzito? Nani kasema? Si anatoa maziwa?

– Weka mkono, alisema Redio.

– Mimi?

– Weka mkono wako, Mwenyekiti. Hapa. Sukuma, kisha subiri.

Antipasi akaweka mkono kwa mashaka, akasubiri, na mara akainua nyusi. Akawatazama wote, mmoja baada ya mwingine, kisha akasukuma tena ili apigwe tena.

– Lo, alisema taratibu. – Anapiga.

Lori lilipofika, Mwenyekiti mwenyewe alikwenda kusema na dereva dirishani. Dereva hakubishana, alikuwa na haraka. Nyuma yake likaja basi la Singida limejaa, Kwata akalisimamisha kwa mikono yote miwili na kumwamuru kondakta atoe nafasi ya mbele, mtu wa mbele ahamie nyuma. Birika akampandishia Anastazia kikapu. Damiani akamsogelea dirishani.

– Nenda salama, mwanangu. Huko hospitali, wakikuuliza umekula nini, usione haya. Sema ukweli. Ukiwa hujala, sema hujala.

– Nitasema, baba.

Basi likaondoka na vumbi lake, na kijiwe kikavunjika mapema kuliko siku zote. Damiani akamrudisha Mgeni zizini, na mchana kutwa alifuata majani mabichi bondeni, akambebea Mgeni mzigo mkubwa. Hakurudi kwenye kahawa. Jua lilipoanza kushuka, Mgeni akaja mwenyewe pale anapokamuliwa, akasimama, akamgeukia, akilia kidogo kwa sababu saa yake ilikuwa imefika. Damiani akanawa mikono kwa mazoea. Akakaa kwenye kigoda, akaegemeza kichwa ubavuni mwake, mikono ikabaki magotini.

– Leo hapana, mama, alimwambia. – Pumzika.

Ndani ya nyumba Rahabu alikuwa ameshaanza kulia. Theodora akatokea mlangoni, mtoto begani, kopo mkononi.

– Umeshakamua?

Akamweleza. Alimweleza yote, dume la Kwata, yule mwanamke, mkono wa Mwenyekiti. Theodora akasikiliza mpaka mwisho, akimtikisa mtoto. Alikuja akaweka mkono ubavuni mwa Mgeni, naye akasikia.

– Umefanya sawa, alisema, na machozi yakamtoka. – Lakini mume wangu, huyu leo atalala na nini?

Damiani akamchukua mtoto, akamweka kifuani, akampa kidole anyonye. Mtoto akanyonya kidogo, akakuta ni kidole, akalia zaidi.

– Hodi hapa.

Sauti ilitoka upande wa barabara, ya chini, na Damiani hakuitambua mara moja kwa sababu hakuwahi kuisikia ikiongea polepole.

– Karibu, alisema Theodora. – Nani?

Leonidas akaingia uani ameinamisha kichwa, kibuyu kidogo amekikumbatia ndani ya koti. Hakumtazama Damiani usoni.

– Ni maziwa ya yule ng'ombe wangu mwekundu, alisema. – Nimemwachia ndama ziwa moja, matatu nimekamua. Kesho asubuhi zamu ya Kwata, jioni Birika ana mbuzi. Tumepanga mpaka Mgeni azae, hata baada ya hapo mpaka ndama ashibe. Yachemsheni upesi, shemeji, mtoto analia.

Theodora alipokea kibuyu kwa mikono miwili. Kilikuwa bado na joto. Leonidas akasimama pale pale, hajui afanye nini na mikono yake iliyobaki mitupu, mpaka Damiani alipompa Rahabu amshikilie wakati yeye anawasha moto.